Leja Ndani ya Kihariri Maandishi: Miamala Inavyoandikwa na Kuhakikiwa

Uhasibu wa maandishi matupu ni utaratibu wa kutunza hesabu za pande mbili ndani ya faili la kawaida la maandishi, ambalo kihariri chochote kinaweza kulifungua. Mtu huandika miamala kwenye faili hilo. Programu ya hesabu huja baadaye, hulisoma, hujumlisha, kisha hutoa mizania, taarifa ya mapato na matumizi, au orodha ya miamala ya akaunti fulani. Hakuna hifadhidata iliyofichwa nyuma yake. Faili ndilo daftari, na hata programu ikiondolewa kwenye kompyuta, hesabu zinabaki zikisomeka kwa macho.

Programu iliyoueneza utaratibu huu ni Ledger ya John Wiegley, iliyoanza mwaka 2003 na kuandikwa kwa lugha ya C++. Mwaka 2007 Simon Michael alianzisha hledger kwa lugha ya Haskell, na Martin Blais akaandika Beancount kwa Python. Sarufi za mafaili yao hutofautiana kidogo, lakini mgawanyo wa kazi ni mmoja: mtu huandika kwa kihariri, programu husoma na kukokotoa. Kwa sababu hiyo, ulinzi ambao programu za kawaida za uhasibu huuweka kwenye fomu zenye visanduku, hapa lazima utafutwe kwingine: katika kihariri, katika kanuni chache za faili, na katika nidhamu ya mwandishi.

Umbo la muamala

Muamala huanza na mstari wa kichwa wenye tarehe, alama ya hali, namba ya stakabadhi ikiwapo, na maelezo. Chini yake huja mistari ya akaunti, iliyosogezwa ndani kidogo. Duka la rejareja nchini Kenya lililonunua bidhaa na kulipa kwa M-Pesa linaweza kuandika hivi (kiasi ni cha mfano):

```
2025-03-04 ! (TC41XK7P2M) Muuzaji wa jumla
    Mali:Bidhaa dukani           KES 18,400
    Matumizi:Ada za M-Pesa          KES 100
    Mali:M-Pesa
```

Nukta pacha hugawa akaunti katika ngazi: "Mali" ni shina, "M-Pesa" ni tawi. Ripoti inaweza kuonyesha shina peke yake au kushuka hadi tawi la mwisho. Mabano yana namba ya muamala iliyokuja na ujumbe wa simu. Kwa kuwa namba hiyo haijirudii, kuitafuta ndani ya faili kunatosha kujua kama malipo yameshaandikwa.

Jina la akaunti linaweza kuwa na nafasi moja ndani yake, kama "Ada za M-Pesa". Ndiyo maana katika Ledger na hledger kiasi lazima kitenganishwe na jina kwa nafasi mbili au zaidi. Ikiwekwa nafasi moja, programu huchukua mstari wote kuwa jina la akaunti isiyo na kiasi. Mwanafunzi wa utaratibu huu hukutana na kosa hili mapema kuliko mengine yote.

Mstari wa mwisho hauna kiasi. Programu hukikokotoa yenyewe, ili jumla ya muamala iwe sifuri: hapa ni shilingi 18,500 zilizotoka. Maneno "debiti" na "krediti" hayatumiki. Kinachoingia kwenye akaunti ni chanya, kinachotoka ni hasi. Kwa hiyo mapato huonekana na alama ya kutoa kwenye ripoti ghafi, jambo linalomshtua aliyezoea leja ya karatasi hadi atambue kwamba ni krediti ileile kwa vazi jingine.

Luca Pacioli alipoeleza hesabu za pande mbili katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, alitaja vitabu vitatu: daftari la kumbukumbu za papo hapo, jarida, na leja. Katika faili la maandishi kinachoandikwa ni jarida pekee. Leja hukokotolewa upya kila inapoombwa. Kazi ya kuhamishia kila ingizo kutoka jarida hadi leja, iliyokuwa chimbuko la makosa mengi ya kunukuu, imetoweka.

Kazi ya kihariri

Emacs, Vim na VS Code vyote vina viongezi vya kazi hii. Kilichokomaa mapema ni ledger-mode cha Emacs, ambacho nacho kilianzishwa na Wiegley, mtu aliyekuja kuwa msimamizi wa Emacs yenyewe mwaka 2015. Vim ina vim-ledger. Kazi zinazofanywa na viongezi hivi ni tatu.

Ya kwanza ni kukamilisha majina. Mwandishi akianza kuandika "Matu" na kubonyeza Tab, kihariri hutafuta akaunti zilizokwishatumika ndani ya faili na kumalizia. Hili linaokoa muda, lakini faida yake kubwa ni tahajia. Katika Ledger na hledger, kwa mipangilio ya kawaida, jina jipya hufungua akaunti mpya bila kuuliza. "Matumizi:Usafri" itapokea nauli zake pembeni ya "Matumizi:Usafiri", na kila moja itaonyesha jumla pungufu. Jina lililokamilishwa na kihariri ni jina lililokwisha kuwepo.

Ya pili ni kunakili muamala wa zamani. Kodi ya chumba, umeme na mishahara hujirudia kila mwezi kwa umbo lilelile. Katika ledger-mode, kushikilia Control na kubonyeza c kisha a, Control ikiwa bado imeshikiliwa, huomba tarehe na jina la mlipwaji, halafu huandika muamala mpya kwa kuiga ule wa karibuni unaofanana nao. Kinachobaki kwa mwandishi ni kurekebisha kiasi.

Ya tatu ni mpangilio. Kihariri husogeza viasi vyote vikae kwenye safu moja, ili tarakimu iliyozidi ionekane kwa jicho. Tarehe iliyoandikwa kwa mwaka, mwezi, kisha siku ina sifa ya kupangika sawasawa hata inapochukuliwa kama herufi tu. Hata hivyo, amri ya kawaida ya kupanga mistari ingevunja miamala, kwa kuwa kila mmoja una mistari kadhaa. Ndiyo sababu ledger-mode ina amri yake ya kupanga, inayohamisha muamala mzima kama kipande kimoja.

Makosa yanayopita kimya

Hesabu za pande mbili husifiwa kwa kujihakiki zenyewe: pande zisipolingana, kuna kosa. Katika faili la maandishi sifa hiyo hupungua nguvu, kwa sababu ya urahisi uleule wa kuacha mstari mmoja bila kiasi. Mwandishi akiandika 14,800 badala ya 18,400, programu itakokotoa upande wa pili kutokana na tarakimu iliyokosewa, na muamala utalingana barabara. Kosa limeandikwa mara moja na kunakiliwa na mashine upande wa pili.

Shilingi za Afrika Mashariki zina mtego wao. Kiasi kama "18,400" kina alama moja tu ya kutenganisha, na hledger, isipoelekezwa, huchukulia alama hiyo kuwa ya desimali. Elfu kumi na nane na mia nne husomwa kuwa shilingi kumi na nane na senti arobaini. Kwa kuwa upande wa pili hukokotolewa, hakuna onyo lolote. Tiba ni mstari mmoja unaowekwa mwanzoni mwa faili:

```
decimal-mark .
```

Ledger haina tatizo hili, kwani huchukulia mkato kuwa wa maelfu mpaka iambiwe vinginevyo.

Majina ya Kiswahili nayo yanahitaji maelekezo. Amri za hledger zinazotoa mizania na taarifa ya mapato hutambua aina za akaunti kwa majina ya Kiingereza. Faili lenye "Mali", "Madeni", "Mtaji", "Mapato" na "Matumizi" hutangaza aina hizo waziwazi:

```
account Mali       ; type: A
account Madeni     ; type: L
account Mtaji      ; type: E
account Mapato     ; type: R
account Matumizi   ; type: X
```

Matawi hurithi aina ya shina. Orodha ya matangazo ina faida nyingine: akaunti zote zikishatangazwa, matawi pamoja nayo, na hledger ikiendeshwa kwa masharti makali, jina lolote lisilotangazwa hukataliwa. Beancount imelifanya hili kuwa sheria tangu mwanzo. Akaunti haitumiki kabla ya kufunguliwa kwa tarehe maalumu, na mashina yake matano hubadilishwa kuwa ya Kiswahili kwa mipangilio ya faili.

Salio kama shahidi

Kosa la kiasi halina budi kukamatwa na kitu kilicho nje ya faili, yaani taarifa ya benki, salio la simu, au fedha zilizohesabiwa kwenye droo. Chombo cha kuleta ushahidi huo ndani ni uthibitisho wa salio. Mwishoni mwa mwezi huandikwa muamala wa sifuri unaotaja salio lililosomwa kwingine:

```
2025-03-31 Salio la taarifa ya M-Pesa
    Mali:M-Pesa      KES 0 = KES 41,250
```

Programu ikikuta salio tofauti, husimama na kuonyesha mstari husika pamoja na tofauti iliyopo. Tangu hapo mwezi huo umefungwa kwa kufuli: yeyote atakayegusa muamala wa Machi kwa bahati mbaya na kubadili salio la akaunti hiyo atajulishwa mara hesabu zitakaposomwa tena.

Mambo mawili huuharibu uthibitisho huu. La kwanza ni kusahau sifuri. Alama ya usawa ikiandikwa bila kiasi mbele yake, programu huichukulia kuwa amri ya kulazimisha salio, si ya kulihakiki. Muamala ukiwa na akaunti ya pili isiyo na kiasi, tofauti yote hutupwa humo kimya kimya, na shahidi anakuwa amegeuzwa mshiriki wa kosa. La pili ni mfuatano. hledger huhakiki masalio kwa kufuata tarehe, ilhali Ledger hufuata mpangilio wa mistari katika faili. Faili lisilopangwa kwa tarehe linaweza kupita kwenye moja na kukwama kwenye nyingine. Beancount nayo huhakiki salio mwanzoni mwa siku iliyotajwa, hivyo salio la kufunga Machi huandikwa kwa tarehe 1 Aprili.

Usuluhishi na benki wenyewe hufanywa kwa alama za hali. Muamala usio na alama umeandikwa tu, wenye "!" unasubiri, wenye "\*" umeonekana kwenye taarifa ya benki. Katika ledger-mode, kushikilia Control na kubonyeza c kisha r hufungua dirisha la pili lenye miamala ya akaunti moja ambayo haijasuluhishwa. Mhasibu huandika salio la taarifa kuwa lengo, kisha hushuka mstari kwa mstari akiitia alama kwa kitufe cha nafasi, huku tofauti kati ya hesabu na lengo ikionyeshwa. Ikifika sifuri, amri ya kumaliza hubadili alama zote za kusubiri kuwa za kusuluhishwa ndani ya faili. Ni tiki ya kalamu iliyowekwa pembeni ya leja, isipokuwa hii inaweza kutafutwa na kuhesabiwa.

Miamala mingi kwa pamoja

Akaunti yenye mamia ya miamala kwa mwezi haiandikwi kwa mkono yote. hledger husoma jedwali la CSV kutoka benki likiongozwa na faili la kanuni, nalo pia ni maandishi matupu: mistari ya kuruka, safu ipi ni tarehe na ipi ni kiasi, na maneno gani katika maelezo yapelekwe akaunti gani. Amri ya kuingiza hukumbuka tarehe ya mwisho iliyofikiwa, ili jedwali la mwezi ujao lisirudie ya nyuma. Taarifa za M-Pesa nchini Kenya hutolewa kama PDF iliyofungwa kwa namba ya siri, kwa hiyo hatua ya kuifungua na kutoa jedwali lake hutangulia. Miamala isiyotambuliwa na kanuni hukusanywa kwenye akaunti ya muda, na hapo kihariri hurudi kazini: mwandishi hupitia moja baada ya nyingine na kuipa akaunti yake halisi.

Faili linapokuwa refu hugawanywa kwa miaka, kila mwaka faili lake, na faili kuu huyaunganisha yote kwa amri ya "include". Amri ya "hledger close" huandaa miamala ya kufunga masalio ya mwaka mmoja na kufungua ya mwaka unaofuata.

Historia ya faili

Mhasibu wa karatasi alikatazwa kukwangua wino. Kosa lilikatwa kwa mstari mmoja, au likasahihishwa kwa ingizo la kinyume, ili mkaguzi aone kilichokuwepo. Faili la maandishi halina kizuizi hicho; tarakimu hubadilishwa bila kuacha alama. Pengo hili huzibwa na Git, mfumo wa kutunza matoleo. Kila baada ya kikao cha kuandika na kuhakiki, hali ya faili huhifadhiwa pamoja na maelezo mafupi, na kabla ya kuhifadhi, amri ya kulinganisha huonyesha mistari iliyoongezwa na iliyoondolewa. Badiliko la bahati mbaya kwenye muamala wa mwaka juzi hujitokeza hapo.

Git hata hivyo haiondoi kanuni ya zamani. Mwezi ambao bado uko wazi unaweza kusahihishwa moja kwa moja ndani ya muamala wenyewe. Mwezi ambao ripoti yake imeshatolewa husahihishwa kwa muamala mpya wa kinyume wenye tarehe ya leo, kwa sababu anayesoma ripoti haoni historia ya faili. Kikao cha kawaida basi huenda kwa mfuatano huu: kuandika au kuingiza miamala, kupanga kwa tarehe, kusuluhisha alama, kuthibitisha salio, kuendesha ukaguzi wa faili zima, kupitia mabadiliko, na kuhifadhi toleo.