Simba Asiye na Njaa

Katuni fupi ya kuchekesha juu ya mbuai na mawindo yake yaonekana kuwa kazi nyepesi: mmoja akimbiza, mwingine akimbia, mtoto acheka. Lakini kicheko hicho kina sharti lake, nalo ni kwamba njaa iwe ya kweli. Tom na Jerry, waliozaliwa Marekani mwaka 1940, hutuchekesha kwa sababu paka ana meno na panya ayajua. Ukiyaondoa meno, mbio zile hubaki mazoezi ya viungo.

Kwa kipimo hiki na tuutazame mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa katika televisheni ya watoto ya BBC mwaka 2010. Sura yake yatokana na michoro ya Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam katika miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya ubao, akafariki mwaka 1972. Kwa macho, mfululizo huu ni karamu. Wanyama hujaza kioo kama walivyojaza ubao, na kila kisa hueleza kwa nini mnyama fulani yu hivi alivyo, mtindo ambao bibi zetu waujua sana. Sifa hizo ni haki yake. Lakini Simba wake ni mfalme wa kunguruma. Huheshimiwa, huogopwa kidogo, na wanyama walao majani huishi naye kama majirani wa mtaa mmoja. Mtu aweza kutazama kisa baada ya kisa asijiulize mfalme huyu amekula nini.

Yaweza kujibiwa kwamba watazamaji ni watoto wadogo. Jibu hilo halitoshi. Watoto waliolelewa kwa ngano za Sungura na Fisi husikia habari za kuliwa kabla hawajaota meno ya pili, nao hulala usingizi.

Anayetaka kuchora katuni ya namna hii katika nchi ya Bukoba na Muleba hana haja ya kuazima simba. Anao senene. Msimu wao ukifika, aghalabu mwezi wa Novemba, wadudu hawa wa kijani na wa hudhurungi hushuka usiku wakifuata mwanga. Wategaji huwasha taa kali, husimamisha mabati, na chini yake huweka mapipa: senene ajigonga batini, ateleza, atumbukia. Mchoraji gani angebuni mtego wa kuchekesha kuliko huo? Hapa mawindo hayamkimbii mwindaji. Humwendea kama waalikwa waendao arusini.

Hata hivyo utamu wa kisa hauko kwenye bati. Kwa mila ya zamani ya Wahaya, wanawake ndio waliotoka alfajiri kuokota senene majanini, wakawanyonyoa mabawa na miguu, wakawapika. Na wanawake hao hao ndio waliokatazwa kuwala. Mlaji alikuwa mume, naye alipaswa kumtunza mkewe nguo. Basi mwindaji hali, na mlaji hawindi! Katuni ya dakika tatu ingeweza kumweka mama mbele ya chungu, harufu ikimpanda puani, mume ameketi akisubiri, na senene mmoja aliyesalia mzima ukingoni akiwatazama wote wawili, asijue amwogope nani. Njaa hiyo haikubuniwa na mtu. Mila yenyewe leo imelegea, na wanawake wengi hula senene bila kificho. Lakini hadhira ya Bukoba ingeitambua mara moja, na yumkini baadhi ya wazee wangecheka huku wakitazama kando.

Sekunde moja ya picha hizi hudai michoro 12, pengine 24. Mwenye fedha haba hawezi kuchora kundi zima la senene likiruka, wala asijaribu. Achore jicho la mama na chungu, kimya kwa sekunde mbili, kisha mkono uanze kusogea. Usifike upesi.