Nani Kashika Usukani?

Jumamosi moja, kwenye kikao chetu cha kusomeana miswada, nilisoma makala yangu ya safari. Kurasa nne, mistari imebanana. Ni safari niliyoifanya nilipokuwa masomoni Bangkok: basi la usiku kucha hadi Chiang Khong, kaskazini mwa Thailand, kuvuka mpaka kuingia Huay Xai upande wa Laos, halafu siku mbili ndani ya boti ya mbao kuteremka mto Mekong hadi Luang Prabang. Wenzangu walisikiliza kwa adabu. Wawili watatu wakasifu lugha. Kisha dada mmoja ambaye huwa hasemi mengi akauliza, "Sasa kaka, huyo nahodha wenu alikuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikatazama karatasi zangu kana kwamba jibu limejificha mle. Machweo nilikuwa nimeyaeleza mara nne. Ukungu wa asubuhi ulikuwa na aya yake nzima. Nahodha hakuwemo hata kwa bahati mbaya; boti yangu ilikuwa ikijiendesha yenyewe kilomita karibu mia tatu, ikipita kati ya miamba. Nikajitetea kwamba sijui Kilao. Dada akasema, "Na hayo machweo, yenyewe yanaongea Kiswahili?"

Watu wakacheka. Nilikereka, sitaficha. Nilirudi nyumbani nikavitoa vitabu nilivyokuwa nimevisoma kabla ya safari ile, nia yangu hasa ikiwa kujifariji: nione kama wakubwa nao walifanya kosa langu. Uhakiki huu umetoka humo. Ndugu msomaji akiona nimewabana marehemu kupita kiasi, ajue kwamba ninajibana na mimi.

Nianze na Henri Mouhot. Huyu Mfaransa ndiye ambaye watu wengi bado wanaambiwa kwamba aliyagundua magofu ya Angkor mwaka 1860, ingawa Wakhmer hawakuwahi kuyapoteza, na hata Wazungu wengine walikwisha kufika kabla yake. Hilo tuliache, limesemwa sana. Mwaka 1861 Mouhot alipanda kaskazini kwa nchi kavu akavikuta vilima vya Laos, na tarehe 25 Julai akaingia Luang Prabang. Miezi michache baadaye homa ikamkamata kando ya mto Nam Khan, unaoingia Mekong pale pale mjini. Tarehe 29 Oktoba aliandika mara ya mwisho katika daftari lake. Tarehe 10 Novemba akafa. Alikuwa na miaka 35.

Sasa hapo ndipo msomaji anapotakiwa kusimama. Mwandishi kafa msituni. Madaftari yako pale, na visanduku vya wadudu na makombe aliyokusanya. Bangkok iko mbali, huko nyuma ya milima na misitu. Nani kayafikisha? Walikuwa na majina: Phrai na Deng, watumishi wake. Walimzika bwana wao, wakafunga mizigo, wakaibeba njia nzima mpaka Bangkok, wakaikabidhi. Kutoka hapo madaftari yakaenda Ulaya, ndugu yake Charles akayapanga, na mwaka 1864 kitabu kikatoka London. Kwa hiyo kila sentensi ya Mouhot kuhusu Laos ilibebwa na watu wawili ambao wangeweza kuitupa mtoni na asiwepo wa kuwauliza. Mshahara wa mtu aliyekufa haudaiwi kirahisi.

Mouhot mwenyewe si mtu mbaya kwenye kurasa zake. Watumishi wake anawataja kwa majina, na huo tayari ni ustaarabu kunizidi mimi. Lakini hebu tuangalie anawatumiaje kisanaa. Ni wahusika wa pembeni wanaoingia pale bwana anapohitaji kitu, wakishamaliza wanatoka. Tungekuwa darasani tungesema ni wahusika bapa. Na hadithi kubwa kuliko zote za kitabu kile, ile safari ya kurudi, haimo. Haikuweza kuwemo, maana aliyekuwa ameshika kalamu alikuwa kaburini. Safari ya kwenda ina kurasa kwa mamia, ya kurudi inaishia kwenye maneno machache ya utangulizi. Waliogopa nini njiani? Walibishana? Yupo kati yao aliyesema, "Tuache haya masanduku"? Mimi ningelipa kusoma kitabu hicho kabla ya hiki kingine.

Baada ya Mouhot walifuata wakubwa zaidi. Mwaka 1866 msafara wa Wafaransa uliondoka Saigon, ukiongozwa na Doudart de Lagrée, na Francis Garnier akiwa wa pili wake. Walitaka kujua jambo moja la biashara: je, meli zinaweza kupanda Mekong mpaka China? Maji ya kasi ya Sambor na maporomoko ya Khone yakawajibu kwamba haziwezi, lakini wakaendelea tu. Mwaka 1867 walipita Luang Prabang, wakamjengea Mouhot kaburi. Lagrée alifia Yunnan mwaka uliofuata, Garnier akawafikisha waliobaki Shanghai, na kitabu chao kikubwa kikatoka mwaka 1873.

Huyu Garnier amenishangaza. Nilitegemea kukuta mto usio na watu, nikakuta anaeleza kazi ya mitumbwi kwa makini ya fundi: jinsi ukingo wa mtumbwi ulivyozungushiwa njia nyembamba ya mianzi, jinsi wapiga pondo walivyokita pondo zenye kulabu kwenye mwamba au mti wa ukingoni, wakatembea kutoka omo hadi tezi huku mtumbwi ukisogea chini ya miguu yao, kisha wakarudi mbele kuanza upya. Mtu yeyote aliyewahi kuona mtumbwi ukisukumwa kwa pondo atamwelewa bila picha. Na picha zenyewe zimo, za Louis Delaporte, na ndani yake wapo hao watu wameinama. Ila hawana majina. Garnier anaijua mikono, misuli na mbinu, akakoma hapo. Anawaeleza kama anavyoeleza kina cha maji. Ni afadhali kuliko mimi, lakini ukimsoma sana unaanza kuhisi kwamba anapima mashine, anataka kujua itamfikisha wapi.

Na tukumbuke ilimfikisha wapi. Wakati Mouhot anapita, Mekong pale haukuwa mpaka. Ulikuwa barabara, na pande zote mbili walikaa watu wa lugha moja, wakioana na kukopeshana chumvi. Mwaka 1893 manowari za Kifaransa zikaingia kwa nguvu mpaka Bangkok, na kwa mkataba wa tarehe 3 Oktoba mwaka huo Siam ikaachia ng'ambo yote ya kushoto ya mto. Barabara ikawa ukuta. Sisemi vitabu vile ndivyo vilivyoleta manowari. Nasema mto uliopimwa vizuri hivyo, huku waliomo wakiwa hawana majina, ni rahisi kuuchora mstari katikati.

Mstari huo nimeuvuka kwa miguu yangu. Tuseme kwa matairi. Zamani wasafiri wote wa Chiang Khong walivuka kwa mitumbwi ya injini, dakika chache tu. Tangu Desemba 2013 lipo daraja, kilomita kadhaa nje ya mji, na mgeni hupelekwa huko: unagongewa muhuri wa kutoka, unapanda basi la kuvusha watu darajani, unashuka, unagongewa wa kuingia. Wenyeji bado wanavuka kwa mtumbwi kule chini. Katika makala yangu niliandika sentensi sita kuhusu muhuri na mapigo ya moyo wangu mbele ya dirisha la afisa. Yule mama niliyemwona kwa mbali akivuka na kuku wake nilimfanya pambo la kumalizia aya.

Hapa namleta Kao Kalia Yang, na nikiri kwamba kitabu chake ndicho kilichoniumiza. Ni Mmarekani wa kabila la Hmong, na The Latehomecomer kilitoka mwaka 2008. Wahmong wengi wa Laos walipiganishwa na Wamarekani katika vita ambavyo Marekani haikutaka vijulikane, na serikali ilipobadilika mwaka 1975 wakaanza kuwindwa. Familia yake ilijificha msituni miaka, kisha usiku mmoja wa mwaka 1979 ikaingia Mekong kuvuka kwenda Thailand. Hakukuwa na boti wala nahodha. Palikuwa na mianzi, kamba, na mtoto mchanga, dada yake mkubwa. Yeye mwenyewe alizaliwa mwishoni mwa mwaka uliofuata, katika kambi ya wakimbizi ya Ban Vinai.

Ni mto ule ule. Maji yale ninayoyapamba kwa rangi ya dhahabu katika ukurasa wangu wa tatu ndiyo ambayo maelfu ya watu waliyaingia usiku, na wengine hawakutoka. Tofauti na sisi wengine wote, Yang anaandika kivuko ambacho hakukiona. Amekijenga kwa masimulizi ya wazazi na bibi yake, yaani kwa kuuliza. Ndiyo maana humo kila mtu anajulikana ni nani: nani kamshika nani, nani alijua kuogelea na nani hakujua, bibi alikuwa wapi. Mandhari ni kidogo sana. Mtu aliyeushika mwanzi kwa mikono miwili hana nafasi ya kutazama milima.

Kuna mwenzetu mmoja, nilipomweleza haya, aliniambia naonea watalii, kwamba kila aina ya maandishi ina kazi yake, na anayesafiri kwa raha ana haki ya kuandika raha. Sawa. Sina ugomvi na raha. Ile boti ilikuwa raha kweli: viti vilivyong'olewa kwenye magari ya zamani, havijafungwa sakafuni, unaweza kujisogezea kwenye kivuli, mabegi yetu chini ya mbao, mwenye boti na familia yake wakiishi kule nyuma karibu na injini, unanuka wali unapoiva. Boti inasimama mahali pasipo na gati wala nyumba, fungu la mchanga tu, anashuka mzee na gunia lake, anapotelea juu kwenye mti. Raha ya namna hiyo haiharibiki kwa kumjua anayekuendesha. Ninachosema ni kwamba tuliyo nayo imekatwa nusu, na iliyokatwa ndiyo yenye hadithi.

Na sisi waandishi wa Kiswahili hatuna kisingizio, maana kwetu jambo hili lilikwisha kugeuzwa kichwa chini zamani. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, mpaka Urusi na Siberia. Yeye alikuwa mtumishi, kama Phrai, kama Deng. Ila safari hiyo tunaisoma kwa kinywa chake, kwa Kiswahili, ndani ya Safari za Wasuaheli aliyoichapisha Velten mwaka 1901. Bwana ndiye aliyegeuka kuwa mhusika wa pembeni. Najua, najua, Velten naye alikuwa na sababu zake, na wasomaji aliowalenga walikuwa Wajerumani wa kujifunza lugha. Lakini hebu msomaji aweke kitabu cha Mouhot mkono mmoja na simulizi la Salim mkono wa pili. Ni kama kumsikia Phrai hatimaye akifungua mdomo, na mimi niliyemsoma Salim shuleni nilikwenda Mekong nikaandika kama Mouhot asiye na homa.

Nimeanza kuirudia makala yangu. Jina la nahodha siwezi kulipata tena, na kumbuni ni uongo, kwa hiyo nimejaribu kuandika kile tu ambacho macho yangu yalikiona bila kukijali. Alikaa mbele kabisa, mgongo kwetu. Siku ya kwanza kabla ya Pak Beng, maji yalipofanya mikunjo juu ya miamba, mazungumzo ya abiria hayakupungua, lakini mkewe alitoka nyuma akaja kusimama karibu naye, akamshika bega mpaka tulipopita, akarudi jikoni. Siku ya pili kila tulipokaribia mtumbwi wa mvuvi alipunguza mwendo, mawimbi yetu yasimpindue, halafu akaongeza tena. Boti za kasi, zile ambazo abiria wake huvaa kofia ngumu, zilikuwa zinapita bila kupunguza. Alasiri tukafika gati, kama kilomita kumi kabla ya mji, na sote tukakimbilia bajaji.

Nimegeuka nyuma? Nimekaa wiki mbili nikijaribu kukumbuka. Dada ameniambia nisome tena Jumamosi ijayo, hata kama ni ukurasa mmoja.