Rick Beato: Sikio Kali, Hukumu ya Haraka

Ukijifunza gitaa au kinanda kwa simu, haipiti wiki kabla YouTube haijakuletea mzee mmoja mwenye nywele nyeupe, magitaa yamejaa nyuma yake, anakueleza kwa nini wimbo fulani ni mtamu. Huyo ni Rick Beato, Mmarekani aliyezaliwa 1962. Chaneli yake ina wafuasi zaidi ya milioni 5. Waulize wanamuziki wanamwonaje, utapata majibu mawili. Mmoja atakuambia hakuna mwalimu wa bure anayemfikia. Mwingine atakunja uso na kusema jamaa ni mzee anayelilia ujana wake, basi.

Mimi naona wote wawili wako sahihi, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake. Beato anafanya kazi mbili kwenye chaneli moja. Ya kwanza ni kusikiliza wimbo na kukuonyesha kilichomo ndani yake. Ya pili ni kutoa hukumu: muziki umeharibika, mashine ndizo zimeuharibu, sikio lako likichelewa limechelewa. Kwenye kazi ya kwanza ni fundi hasa. Kwenye ya pili ni shahidi mmoja tu, na hapo ndipo sisi tunaopenda ushahidi tunatakiwa kukaa macho.

Kwanza tumpe haki yake

Beato ana shahada ya uzamili ya jazi kutoka New England Conservatory, amefundisha chuoni, na amekuwa prodyuza kwa miaka mingi. Wimbo wa kantri alioshiriki kuuandika, "Carolina" wa bendi ya Parmalee, ulishika namba 1 kwenye chati ya redio ya Billboard mwaka 2013. Kwa hiyo si mtu aliyejifunza muziki jana ili apate watazamaji.

Katika mfululizo wake maarufu wa kuchambua nyimbo, anachukua wimbo unaoujua tangu utotoni na kuutenganisha: besi peke yake, dramu peke yake, sauti ya pili uliyokuwa hujawahi kuisikia. Hajidai kuwa sayansi, lakini anachofanya kinafanana na mwalimu wa baiolojia anayepasua chura mbele ya darasa. Ukitoka hapo, wimbo ule huusikii tena kama zamani.

Mahojiano yake nayo ni darasa. Watangazaji wengi wakimpata mwanamuziki mkubwa wanamuuliza kuhusu ugomvi wa bendi na maisha ya hoteli. Beato anamuuliza kwa nini ulichagua noti hii hapa na si ile, na ulitegaje maikrofoni. Ndiyo maana watu kama Sting, Pat Metheny na David Gilmour wamekaa naye na kufunguka. Ya 2023 na mpiga piano Keith Jarrett haisahauliki. Jarrett alipata kiharusi mara mbili mwaka 2018 na mkono wake wa kushoto ukaathirika, lakini mbele ya Beato alipiga kwa mkono wa kulia. Mahojiano hayo ni kumbukumbu ya kihistoria, na watafiti wa muziki watayarudia miaka 50 ijayo.

Tena amesimama mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, Julai 2020, kueleza jinsi madai ya hakimiliki yanavyozuia video za kufundishia. Hilo liliwahusu walimu wengi wasio na jina kubwa kama lake. Wanamuziki wanaomsifu wana sababu.

"Muziki unazidi kuwa mbaya"

Sasa tuje kwenye hukumu. Katika video ya 2024 Beato alieleza kwa nini muziki unazidi kuwa mbaya, na akatoa sababu mbili: umekuwa rahisi mno kutengeneza, na rahisi mno kuupata. Inaingia akilini. Lakini kabla ya kutafuta sababu ya jambo, si tuhakikishe kwanza kwamba jambo lenyewe limetokea?

Watafiti wamejaribu kulipima. Mwaka 2012, Joan Serrà na wenzake walichambua kwa kompyuta rekodi 464,411 za kuanzia 1955 hadi 2010. Walikuta aina za mpangilio wa noti zimepungua, rangi za sauti zimeanza kufanana, na rekodi zimekuwa na kelele zaidi. Beato angeweza kushangilia hapo. Lakini mwaka 2015, Matthias Mauch na wenzake huko London walichukua nyimbo kama 17,000 zilizoingia kwenye chati ya Marekani kati ya 1960 na 2010. Wao hawakuona mteremko wa moja kwa moja kuelekea nyimbo kufanana. Waliona mapinduzi matatu, 1964, 1983 na 1991, na kubwa kuliko yote ni lile la 1991, hip-hop ilipotawala chati. Utofauti ulipungua miaka ya 1980 kisha ukapanda tena.

Kwa nini majibu yanapishana? Kwa sababu walipima vitu tofauti kwenye nyimbo tofauti. Na angalia: hakuna aliyepima "ubaya". Kipimo cha noti hakiwezi kusema lolote kuhusu mtiririko wa rapa, ambaye kazi yake kubwa iko kwenye maneno na mapigo. Ukipima samaki kwa uwezo wa kupanda mnazi, kila samaki atafeli.

Kuna mitego mingine miwili. Wa kwanza ni chujio la muda. Nyimbo za 1974 unazozisikia leo ni zile zilizonusurika nusu karne. Takataka za mwaka ule zilishasahaulika, za mwaka huu bado zinapigwa kwenye daladala. Wa pili ni umri. Mwaka 1989 Morris Holbrook na Robert Schindler walionyesha kwamba watu huelekea kupenda zaidi nyimbo zilizovuma walipokuwa na miaka kama 23 na nusu. Beato alifikisha umri huo katikati ya miaka ya 1980. Haimaanishi anadanganya. Inamaanisha sikio lake, kama langu na lako, lina mwaka wake wa kuzaliwa.

Je, mashine imeua mdundo?

Malalamiko yake makubwa mengine ni kwamba kompyuta imenyoosha kila kitu. Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, ilitoka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mtaalamu wa kuchambua mawimbi yanayopita ardhini ili kutafuta mafuta. Baadaye kila studio ikaanza kunyoosha na mapigo ya dramu. Beato aliwahi kuchukua upigaji wa John Bonham wa Led Zeppelin, akaunyoosha kwa kompyuta, na kutuuliza: si mmesikia roho imetoka?

Wengi tulisikia. Shida ni kwamba tulijua tayari ipi ni ya asili na ipi imenyooshwa. Tafiti mbili za 2013, moja ya Jan Frühauf na wenzake na nyingine ya Matthew Davies na wenzake, ziliwapa wasikilizaji midundo iliyo sawasawa kabisa na mingine iliyochelewa au kuwahi kidogo. Iliyosogezwa haikuonekana kuwa bora. Kwa ujumla, kadiri ilivyosogezwa zaidi, ndivyo hamu ya kutikisa kichwa ilivyopungua. Kumbuka ile ilikuwa midundo rahisi ya maabara, si Bonham mwenyewe, kwa hiyo kesi haijafungwa. Lakini haijafungwa kwa upande wa Beato pia.

Jaribu mwenyewe. Mwambie rafiki akupigie matoleo mawili ya mdundo mmoja bila kukuambia lipi ni lipi, mara kumi, huku akiandika majibu yako. Hapo utajua unasikia kwa masikio au kwa sifa ulizoambiwa.

Umechelewa?

Hukumu inayouma zaidi inamhusu anayeanza. Beato alipata umaarufu mtandaoni kwa video ya mwanawe Dylan, mtoto anayetaja jina la kila noti anayoisikia bila kupewa noti ya kulinganisha. Kisha akashikilia kwamba mtu mzima hawezi kuupata uwezo huo.

Kwa sehemu kubwa yuko upande wa ushahidi. Mwaka 2006 Diana Deutsch na wenzake waliwalinganisha wanafunzi wa muziki wa Beijing na wa chuo kimoja cha Marekani. Kati ya walioanza muziki wakiwa na miaka 4 au 5, kama asilimia 60 ya Wachina walikuwa na uwezo huo, dhidi ya 14 ya Wamarekani. Kichina ni lugha ya toni, na kuanza mapema kunasaidia. (Kiswahili hakina toni za namna hiyo, usijipe moyo!) Lakini "ni vigumu sana" si sawa na "haiwezekani". Mwaka 2019 Stephen Van Hedger na wenzake waliripoti watu wazima wachache waliofaulu baada ya mafunzo. Na la muhimu kwako: wanamuziki wengi wazuri hawana uwezo huo kabisa. Wanategemea kusikia umbali kati ya noti na noti, kitu ambacho mtu mzima anajifunza.

Rula ni ya nani?

Kuna lawama moja ambayo naona tunambebesha bure. Uchambuzi wake umejengwa juu ya noti 12 za piano na muziki wa Marekani na Uingereza. Hajawahi kuahidi kutufundisha taarabu. Ni sisi tunaochukua rula ile na kwenda kupimia kila kitu, kisha tunashangaa kwamba udi na ganuni za Zanzibar zina sauti zinazoangukia katikati ya funguo za piano. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake waliripoti kwamba Watsimane wa Bolivia hawakujali kama noti mbili "zinapatana" au "zinagombana" kwa vipimo vya Ulaya. Si kila ladha iliyomo sikioni mwetu tumezaliwa nayo.

Basi mtazame Beato, tena sana. Akikuambia "sikiliza besi hapa", simamisha kila kitu usikilize, kwa sababu anachokuonyesha unaweza kukihakiki palepale kwa masikio yako. Akikuambia "ndiyo maana muziki wa leo umekufa", muulize maswali ambayo ungemuuliza mtafiti yeyote: umepima nini, kwa nyimbo zipi, na umelinganisha na nini? Ukifanya hivyo utabaki na mwalimu mzuri, na bado utakuwa huru kupenda wimbo uliotoka jana.