Fasi ya Soko Ilienda Wapi?

Leo ninaomba tuzungumze juu ya kipande kimoja cha udongo. Si udongo wa shaba wala wa kobalti, ule tunaougombania kila siku. Ni kiwanja kitupu.

Miaka imepita tangu siku nilipomsindikiza mama mukubwa wangu kwenda kununua parseli katika komine Annexe, huku kwetu Lubumbashi. Mwenye kuuzisha alifungua karatasi kubwa juu ya kapo ya motokari. Karatasi ilijaa viboksi vidogo-vidogo, kila kimoja na namba yake. Katikati kulikuwa viboksi viwili vikubwa, bila namba. Nikauliza ni vya nini. Akajibu: "Hapa shule, hapa soko." Mama mukubwa alifurahi sana. Yeye ni mwuzishaji wa unga na makala. Akachagua parseli iliyo karibu na kile kiboksi cha soko, na akakubali kulipa bei ya juu kidogo kuliko majirani, juu ya hiyo soko tu.

Leo shule haiko na soko haiko. Kwenye kiboksi cha soko kuko ukuta mrefu wenye senyenge juu, na upande wa mbele galeri ya milango minane ya chuma, ya kupangisha kwa dola. Mama mukubwa anauzisha kwenye ukingo wa barabara kubwa, metra mbili tu kutoka matairi ya malori. Kiangazi kilichopita lori moja ilikosa freni ikafagia meza nne. Watu waliruka ndani ya mfereji. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Kesho yake asubuhi bamama walikuwa palepale. Nikamuuliza: "Mama mukubwa, juu ya nini munarudia hapa?" Akaniangalia kama mtoto asiyesoma: "Mwana, batu banapitaka paka hapa. Utauzishia unga ku ukuta?"

Jibu lake ndilo linanifanya niandike. Kila mara tunasikia maneno yale yale: bamama wanachafua mji, wanafunga njia, waondolewe. Polisi inakuja, meza zinavunjwa, kisha juma moja halipiti wamekwisha kurudi. Na siye wenye diplome tunapiga picha ya takataka na kuandika: "Watu wetu hawana akili ya mji." Mimi ninasema kinyume. Soko ya barabarani si mwanzo wa fujo. Kabla ya mama kukaa barabarani, kuko mtu aliyeuzisha fasi yake.

Turudi nyuma kidogo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka uleule reli ilipofika kutoka kusini. Wakoloni walipanga mji wakiwa na nia mbaya, lakini walipanga. Katika miaka ya 1920 waliacha ukanda mtupu wa mamia ya metra kati ya mji wa wazungu na site ya Waafrika, ile tunayoiita leo Kamalondo. Sababu waliyoitaja ilikuwa malaria: ati mbu asiweze kuruka kutoka kwetu mpaka kwao. Mwanasanaa Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliigusa habari hii katika kazi yake ya mwaka 2013 iitwayo Essay on Urban Planning. Aliweka picha za mji zilizopigwa kutoka juu karibu na picha za wadudu waliopangwa kama vile vya makumbusho. Ukiziangalia unaelewa mara moja: katika ile ramani mtu mweusi na mdudu walihesabiwa pamoja. Nafasi tupu ilikuwa ukuta bila matofali.

Ninaipenda kazi hiyo, lakini ninafikiri inatuacha na swali ambalo halijajibiwa. Siku tulipopata uhuru, tulirithi mji wenye nafasi tupu. Tulizifanya nini? Tungeweza kugeuza nafasi ya kututenga iwe nafasi ya kutukutanisha. Katika mitaa mipya tumefanya kitu kingine: tumeiuzisha. Zamani nafasi tupu ilitugawa. Leo ukosefu wake ndio unatugawa, juu ya hakuna tena fasi ambayo ni ya watu wote.

Na soko nayo iko na historia yake. Katika kambi za Union Minière, na baadaye za Gécamines, mfanyakazi alipata posho ya chakula kutoka kampuni. Unga ulifuata kazi. Katika miaka ya 1990 ule mfumo ulivunjika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba akabaki nyumbani, mama akaweka meza mbele ya mlango. Wengi kati yetu tunaosoma hapa tulilipiwa minerval na ile meza. Kwa hiyo biashara ndogo si desturi ya ujinga iliyotoka kijijini. Ni uchumi uliozaliwa siku mshahara ulipokufa. Mitaa ya pembeni ilipanuka pamoja nao, ikifuata barabara za Kasumbalesa, Likasi, Kipushi na Kasenga, ndani ya Annexe inayozunguka komine nyingine sita.

Sasa tuangalie namna kiwanja cha soko kinavyopotea. Mwanzoni kinaachwa kabisa. Kinakuwa uwanja wa mpira wa watoto, na siku ya Mungu wakristo wanapiga hema pale. Kila mtu anajua ni fasi ya soko, lakini hakuna alama wala karatasi yoyote mikononi mwa wakaaji. Baada ya miaka miwili mitatu, asubuhi moja munakuta lori imemwaga mchanga. Unauliza, wanakuambia ni ya mkubwa fulani. Juma linalofuata, mawe. Mwezi unaofuata, msingi wa ukuta. Shefu wa kartye anasema hajui kitu. Ukipanda juu zaidi, unaonyeshwa karatasi mpya yenye muhuri, na kile kiboksi kikubwa kimegawanywa kuwa viboksi vidogo vyenye namba, sawa vile havijawahi kuwa kitu kingine. Wakaaji wananung'unika, wanachanga pesa ya kupiga fotokopi, wanaandika barua. Kisha ukuta unamalizika, na watu wanazoea.

Kumbe sheria iko. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia tu. Sheria hiyohiyo inasema pia jambo ambalo wachache wanalikumbuka: ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haiwezi kupewa mtu mpaka kwanza iondolewe katika matumizi hayo kwa njia ya halali. Maana yake, mwenye ukuta akikuonyesha karatasi yake, bado kuko karatasi nyingine ya kuuliza: ile inayosema kwamba fasi hii si ya soko tena. Iliandikwa lini? Nani aliitia sahihi? Mara nyingi tunaishia kwenye muhuri wa kwanza na kunyamaza.

Wengine watasema: lakini galeri na supermarshe ni maendeleo. Sikatai. Mimi pia ninaingia. Kuko baridi safi, bei imeandikwa, hakuna kubishana, nyama imekaa kwenye frigo, na vijana wenzetu wamepata kazi pale. Shida inaanza pale tunapofikiri kwamba vitu hivyo vinaweza kushika fasi ya soko. Angalia namna watu wa mtaa wanavyonunua. Wanapata pesa kwa siku, wanakula kwa siku. Unga wanapima kwa meka, makala kwa sashe, mafuta kwa kopo kidogo. Umeme ukikatika jioni tatu katika juma, frigo ya nini? Supermarshe inauzisha kwa karton kwa mtu mwenye motokari. Soko inauzisha kwa meka kwa mtu mwenye miguu. Wala haihusu ustaarabu. Ni hesabu ya mfuko.

Tena soko ni zaidi ya kununua. Pale ndipo mama mukubwa anapata mkopo wa unga bila kusaini, kwa jina lake tu. Pale ndipo likelemba inachangwa. Msichana aliyefukuzwa nyumbani anapewa bakuli ya kuuzisha karanga ili aanze. Kwenye galeri ya milango minane, kabla ya kuweka hata sabuni moja unalipa garanti ya miezi kadhaa. Mwenye mtaji wa dola 30 haingii. Anabaki nje, mbele ya ile milango, na mwenye duka anamfukuza juu anafunika biashara yake. Yaani alinyang'anywa kiwanja, kisha anafukuzwa mbele ya kile kilichojengwa juu ya kiwanja.

"Basi aende soko ya Kenya," wanasema. Haya, tuhesabu. Anaondoka kabla jua halijatoka, anapanda moto mpaka barabarani, kisha taksibisi mpaka mjini. Jioni vilevile. Safari nne kwa siku, na mzigo unalipiwa peke yake. Faida ya meka za unga inabaki kwa bamanseba na kwa mashofere. Na nani anaangalia watoto? Ndiyo maana anakaa barabarani. Amepiga hesabu kuliko siye tuliofundishwa uchumi.

Lakini tusidanganyane: kosa si la wakubwa peke yao. Mara nyingine soko inajengwa kweli, yenye paa na meza za saruji, halafu inabaki tupu juu ya iliwekwa fasi ambayo hakuna mtu anapita. Soko inafuata miguu, miguu haifuati soko. Ukiiweka kilometa mbili kutoka pale taksibisi zinasimama, utapata paa zuri la mbuzi kupumzika. Walioamua pale kwa kawaida walisoma. Ni watu kama siye.

Siye wenyewe sasa. Ndoto ya kila mwenye diplome ni parseli yake, ukuta wake, kisima chake, jenereta yake. Siku ya kununua tunauliza: maji yako chini metra ngapi? Umeme umefika? Karatasi ni safi? Sijasikia rafiki yangu hata mmoja akiuliza: soko ya hapa iko wapi, na nani anailinda? Tena wako wenzetu, tena waliosoma upimaji na sheria, wanaopewa parseli mbili ndani ya kile kiboksi kama malipo ya kazi, wanakubali. Ninaelewa, kazi haiko, na parseli ni parseli. Lakini tusije kesho kuandika juu ya fujo ya mji.

Tufanye nini? Sitaki kumaliza na maneno makubwa. Ninaona mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, ramani. Kila mtaa uliopimwa uko na mpango wake. Wanafunzi wa jiografia na wa upimaji wanaweza kwenda kadastri na barua ya chama, kuomba kuona mpango wa kartye yao, na kuandika viwanja vyote vilivyowekwa kwa watu wote. Simu zetu zinajua kuonyesha fasi tuliposimama. Kiwanja kilichokwisha kujulikana na watu elfu moja ni kigumu kuuzisha usiku.

La pili, alama. Kiwanja kitupu kinaibiwa juu ya kinaonekana hakina mwenyewe. Meza kumi zikikaa pale tangu mwaka wa kwanza, hata siku mbili tu kwa juma, kinakuwa na wenyewe. Wakaaji wasingojee soko ya saruji. Waanze na ya miti na bashi.

La tatu, wanasheria wetu vijana. Hao bamama hawawezi kulipa avoka mkubwa. Lakini barua inayouliza "fasi hii iliondolewa lini katika matumizi ya watu wote?" ni ukurasa mmoja. Iandikwe mchanga unapomwagwa, si ukuta unapokwisha.

Juzi nilipita tena kwa mama mukubwa. Mvua ilikuwa imenyesha, malori yanarusha matope juu ya bashi linalofunika unga. Nikamwambia ninaandika kitu juu ya soko yao. Akacheka, akanipimia meka moja nipeleke nyumbani, akakataa faranga zangu. Kisha akauliza: "Mu ile mukanda yako, utaandika jina ya mwenye ukuta?" Nikasema hapana, silijui. Akasema: "Na ile ya mwenye aliuzisha?"

Hilo pia silijui. Nimesoma miaka mitano ya universite, na kwa swali moja la kweli la mtaa wangu sina jibu. Nadhani kazi yetu ingeanzia hapo. Wewe unayesoma: kwenye kartye yako, fasi ya soko iko wapi? Kama bado iko, nenda kaione juma hili. Kama kuko mchanga, usingojee mawe.