Umbrail: walipaswa kumsubiri
Hatua ya 16 ya Giro d'Italia ya 2017 mliiona wenyewe, kwa hiyo Mortirolo naiacha. Landa aliitangulia Stelvio kwa kazi safi, Nibali akateremka kama tunavyomjua na kushinda Bormio. Hayo yanatosha.

Shida yangu iko chini ya Umbrail, zikiwa zimebaki kama kilomita 33. Tom Dumoulin ana jezi ya pinki na tumbo limemkata tangu mteremko wa Stelvio. Anasimama kando ya barabara. Kaptula ya mashindano ina kanda za mabegani, haishuki mpaka jezi itoke kwanza, hivyo kiongozi wa mbio anaivua ile pinki kamera zikimwangalia, kisha anachuchumaa majanini. Kundi la Quintana na Nibali linasitasita kidogo, halafu linakanyaga.

Walikosea. Utetezi wao naujua: mbele kulikuwa na watu, mbio zilishapamba moto, na desturi ya kusubiriana haja ni ya saa za mwanzo, msafara ukiwa umetulia. Siukubali. Mwenye jezi aliyeshushwa na tumbo hajazidiwa na mlima wala na mpinzani. Dumoulin aliipanda Umbrail akijisukuma mwenyewe; Kelderman, msaidizi wake wa milimani, alishatoka mashindanoni tangu hatua ya 9. Bado Nibali alimwacha dakika 2 na sekunde 18 tu, na humo mna kusimama, kuvua, kuvaa na kuanza upya. Uongozi wa Dumoulin juu ya Quintana ukaporomoka kutoka dakika 2 na sekunde 41 hadi sekunde 31.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku mbili kabla, njiani kwenda Bergamo, Quintana alianguka, na ni Dumoulin huyuhuyu aliyelipunguza kundi mwendo mpaka Mkolombia akarudi. Deni hilo halikulipwa.

Chanzo cha haya nimekisema tangu Port de Balès mwaka 2010, mnyororo wa Andy Schleck ulipotoka na Contador akaondoka zake na sekunde 39: redio za masikioni zimewanyang'anya wapanda baiskeli uamuzi na kuwapa watu walioketi garini. Lakini mwaka huohuo Cancellara, akiwa na jezi ya njano, aliutuliza msafara mzima kuelekea Spa baada ya watu kuanguka ovyo, ingawa jezi yenyewe ilimponyoka jioni ile. Hinault naye akitaka msafara utulie, ulitulia. Nani kati ya hawa wa 2017 angethubutu?

Ndiyo, Dumoulin alilitwaa kombe Milano, kwa sekunde 31 zilezile. Hilo haliwasafishi. Umbrail ilikuwa bado mbele yao nzima, zaidi ya kilomita 13 za kupanda, na Quintana ni mtu wa milima. Angewapanga wenzake wa Movistar mstari mmoja mbele, amsubiri mwenye jezi arudi kundini, kisha amshambulie hapo, kila sekunde ambayo angeipata ingekuwa halali yake.