Ukaguzi Kabla ya Treni Kuondoka

Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mafundi waliunda meli nzima ya chuma yenye urefu wa mita 71 hivi, kisha wakaibomoa. Hawakuwa wameipiga ribiti. Waliifunga kwa boliti, bamba kwa bamba, wakahakikisha kila tundu linakutana na mwenzake, ndipo wakazifungua boliti na kupanga vipande katika masanduku yapatayo 5,000. Meli hiyo, Graf von Götzen, ilikuwa ya Ziwa Tanganyika. Masanduku yalitoka Hamburg kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Ufukweni, watu watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, wakaijenga upya pamoja na wafanyakazi Waafrika na wagonga ribiti wa Kihindi. Februari 5, 1915 ikashushwa majini. Leo tunaiita Liemba.

Wanaoisimulia meli hii huenda moja kwa moja kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mimi nimeshikwa na zile boliti. Kuunga meli nzima ili uibomoe tena ni kazi inayomuuma yeyote anayehesabu siku na fedha. Lakini piga hesabu upande wa pili: bamba moja lenye matundu yaliyokosewa, likagundulika Kigoma, mwisho wa reli ya kilomita 1,250 hivi, na nyuma ya reli hiyo majuma ya bahari. Kosa la Papenburg ilibidi limalizwe hukohuko Papenburg.

Katika miradi ya serikali ya leo, iwe barabara, gati, zahanati au madarasa, mtu wa kubeba mzigo wa kuzuia kosa mapema ana jina: meneja wa udhibiti ubora. Wengi humdhania kuwa ni yule anayepita na kofia ngumu akionyesha nyufa. Ufa ukishaonekana, ameshachelewa. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, kinachosimamia ujenzi mwingi wa serikali yao, humtaka meneja huyu aongoze kila aina ya kazi kwa hatua tatu: ukaguzi wa michoro, vifaa na watu kabla kazi haijaanza, ukaguzi wa sehemu ya kwanza inapofanyika, kisha ufuatiliaji wa kila siku hadi mwisho. Kwa mkoa ulio mbali na viwanda kama Kigoma, hatua ya kwanza ina uzito kuliko nyingine mbili zikiunganishwa. Na ndiyo inayorukwa kwa urahisi, kwa sababu siku ya kuifanya hakuna ukuta uliopanda.

Chukua nondo. Nondo ya milimita 12 inatakiwa iwe na kilo 0.888 kwa kila mita, kwa hiyo ya mita 12 ina kilo 10 na gramu 650 hivi. Iweke kwenye mzani. Ukisoma kilo 9, umeuziwa nondo yenye kipenyo cha milimita 11 kwa jina la nondo 12, na zaidi ya asilimia 15 ya chuma alichokihesabu mhandisi kwenye mchoro haipo. Kwa macho hutajua. Kipimo hiki ni cha dakika tano, na kikifanyika dukani kabla ya mzigo kupakiwa, muuzaji atabadilisha. Niliwahi kusimama kwenye stoo ya mradi mmoja mkoani humo, lori limeshashusha na kuondoka, nondo ya tatu kwenye mzani nayo imepungua kama mbili za kwanza. Msimamizi wa saiti alichosema ni kwamba mafundi wameshafika na wanalipwa kwa siku. Zikafungwa kwenye boriti. Hadi leo nikipita karibu na jengo lile huinua macho kuzitazama boriti zake.

Mchanga nao una siri zake. Ule unaochotwa kwenye mito inayoingia ziwani unaweza kuwa safi mwezi wa Agosti na ukawa na tope mwezi wa Machi, machimbo yakiwa yaleyale. Kipimo cha saiti ni chepesi: chombo cha kioo chenye mistari ya mililita, maji yenye chumvi kidogo hadi 50, mchanga hadi 100, maji tena hadi 150. Tikisa kwa nguvu, weka mahali patulivu kwa saa tatu. Mchanga utatulia chini, na tope litakaa juu yake kama utando wa maziwa. Utando huo ukizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mzigo huo usiingie kwenye zege mpaka uoshwe au maabara iseme vinginevyo.

Kisha lenyewe zege. Mfuko wa saruji wa kilo 50, kwa mchanganyiko wenye maji nusu ya uzito wa saruji, unahitaji lita 25 za maji. Jua la saa nane mchana Ujiji likiwaka, zege huanza kukaza kwenye toroli, na fundi huona huruma akaongeza nusu ndoo ili limwagike vizuri. Lita 10 hizo zimepandisha uwiano kutoka 0.5 hadi 0.7, na nguvu ya zege imeporomoka kabla halijafika kwenye nguzo. Hapo ndipo koni inaposaidia: kimo milimita 300, chini upana wa 200, juu 100, inajazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka linashindiliwa mara 25 kwa chuma, kisha inainuliwa taratibu. Zege lililopangiwa kushuka milimita 75 likishuka 150, hakuna haja ya kumuuliza mtu kama maji yameongezwa.

Michemraba ya milimita 150 ndiyo inayothibitisha. Hulala kwenye maji na kuvunjwa siku ya 7 na ya 28. Zege la daraja la 25 linapaswa kubeba karibu tani 57 kabla ya mchemraba kupasuka. Lakini mchemraba husema kweli ya toroli ulikotoka tu. Meneja anayemwachia fundi achague toroli ataletewa michemraba iliyotengenezwa kwa upendo wa pekee, ilhali nguzo zimejengwa kwa zege jingine. Achague mwenyewe, bila kutangaza, na aandike ni nguzo ipi ilipokea zege lile.

Sasa, nani anafaa? Nchini Tanzania, Sheria ya Usajili wa Wahandisi Na. 15 ya 1997 inamtaka mhandisi asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mhitimu hupitia miaka ya kazi chini ya uangalizi kabla hajaitwa Mhandisi Mtaalamu. Usajili huo ni mlango. Ndani yake ningemtaka mtu aliyechafuka maabara, aliyeponda kokoto na kuchekecha udongo wa barabara kwa mikono yake, na anayejua kuandika. Ripoti yake ya kila siku ndiyo itakayosomwa na mkaguzi miaka mitano baadaye, wakati mkandarasi na mafundi wameshatawanyika.

Na awe msomaji wa michoro mwenye kumbukumbu ya mahali. Ziwa Tanganyika halikai kimo kimoja. Miaka ya 1870 lilijaa mpaka likafungua njia yake ya kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, kisha likashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo maana mnara wa Livingstone pale Ujiji leo uko mbali na maji. Miaka ya 2020 na 2021 likapanda tena, likaingia kwenye nyumba na maeneo ya bandari ufukweni. Meneja hana mamlaka ya kubadilisha kimo cha gati kilichochorwa, lakini ana wajibu wa kuuliza kwa maandishi, kabla ya nguzo ya kwanza, kimo hicho kilipimwa kutoka maji ya mwaka gani.

Swali gumu ni anaripoti kwa nani. Meneja huyu huajiriwa na mkandarasi, tofauti na mhandisi mshauri anayeilindia serikali maslahi yake. Akiwekwa chini ya msimamizi wa saiti anayesukumwa na tarehe, atanyamaza. Mkataba useme wazi kwamba anaripoti kwa uongozi wa juu wa kampuni na kwamba anaweza kusimamisha kazi papo hapo. Bila neno hilo, vyeti vyake vyote ni pambo la ofisi.

Tunapojenga kwa fosi akaunti, taasisi ya umma ikinunua vifaa yenyewe na kuweka mafundi wa mtaani, mkandarasi hayupo, na meneja wake hayupo pia. Mzigo unamwangukia mhandisi wa halmashauri, ambaye siku moja anatakiwa saiti tatu zilizoachana kwa saa za barabara ya vumbi. Walio karibu ni kamati ya mapokezi: mwalimu, mjumbe wa kijiji, mzazi. Hawa husaini hati kwa kuhesabu nondo na mifuko. Napendekeza wapewe mzani, futi, chombo cha kioo na koni, na wafundishwe kwa siku mbili. Mwalimu anayepima uwiano ubaoni hashindwi kupima nondo. Tena, kwa kuwa watoto watakaokaa chini ya boriti ile ni wake, hatashawishika kirahisi.

Turudi kwa Rüter na wenzake. Julai 1916 Wajerumani walikuwa wanaiacha Kigoma, na amri ilikuwa kuizamisha meli. Kabla ya kuizamisha waliingia chumba cha injini wakapaka mashine grisi nzito, sehemu kwa sehemu, wakaijaza meli mchanga, kisha tarehe 26 wakailaza taratibu karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Hapakuwa na mkaguzi wa kusaini kazi ile, wala mteja wa kuipokea. Machi 1924 Waingereza waliinyanyua, wakakuta injini na boila bado zinafaa. Mei 1927 ikaanza tena kubeba abiria.