Tahajia ya vivumishi vya Kiingereza: kanuni inayozaa makosa

Mwanafunzi wa Kongo anayejifunza Kiingereza hupewa mapema kanuni moja kuhusu vivumishi vinavyoishia na -able na -ible: akiondoa kiambishi tamati na neno kamili likabaki, aandike -able, lisipobaki, aandike -ible. Hivyo readable hutokana na read, ilhali neno horr halipo, basi huandikwa horrible. Kanuni hiyo ni nyepesi kukumbuka, na hapo ndipo penye hatari yake. Maneno probable na formidable hayaachi neno lolote. Accessible na contemptible huacha access na contempt. Mwanafunzi ataandika probible na accessable, naye ametii kila alichofundishwa.

Chanzo cha mgawanyo huo ni Kilatini. Vitenzi vya kundi la -are vilizaa -abilis. Vya makundi mengine, kwa kawaida, -ibilis. Kiingereza kilirithi maumbo yote mawili, mara nyingi kupitia Kifaransa, lakini -able pekee ndiyo iliyobaki hai: hushika karibu kitenzi chochote, hata kipya. Maneno ya -ible ni orodha iliyokwisha kufungwa. Jambo hili moja lina faida kuliko kanuni nzima.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kupotea. Katika lugha yake irabu ya kiambishi hufuata irabu ya mzizi: soma hutoa someka, fika hutoa fikika, na sikio hutosha kuamua. Katika Kiingereza irabu hiyo haina mkazo, hivyo a na i hazitofautiani vya kutosha kumwongoza msikilizaji.

Kifaransa nacho ni msaidizi mwenye hila. Possible, visible na terrible huandikwa vilevile katika lugha zote mbili; lakini responsable ya Kifaransa ni responsible kwa Kiingereza, na indépendant huwa independent. Makosa ya namna hii husahihishwa kwa wino mwekundu kana kwamba ni uvivu, kumbe mwanafunzi amefuata mantiki ya lugha aliyosomeshwa kwayo. Waingereza wenyewe hawakusalimika: Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, alikiri kwamba dependant na dependent hubadilishana mwisho kadiri mwandishi anavyokumbuka lugha hii au ile.

Basi -able ifundishwe kama kiambishi hai, -ible ikaririwe neno kwa neno, na jozi zinazotofautiana na Kifaransa ziandikwe ubaoni zikielekeana, kabla ya mtihani na si baada yake.